Komiti Ikishatoka Mkononi

Ukiifungua komiti moja ya Git kutazama kilichomo, utashangaa jinsi ilivyo fupi. Kuna mstari unaotaja mti wa mafaili, yaani hali ya mradi mzima wakati ule. Kuna mstari unaomtaja mzazi, au mistari kadhaa kama wazazi ni wengi. Kuna jina la mwandishi na saa aliyoandika, jina la aliyeiingiza na saa aliyoiingiza, halafu ujumbe. Basi. Maandishi hayo yote yanasagwa pamoja kupata heshi, ule mfuatano wa herufi na tarakimu 40 ambao tumezoea kuukata na kubaki na saba za mwanzo. Kwa kuwa heshi ya mzazi imo ndani ya maandishi yanayosagwa, ukimbadilisha mzazi umebadilisha heshi ya mtoto, na ya mjukuu, na ya kitukuu, hadi ncha ya tawi. Ndiyo maana neno "kuhamisha", ambalo wengi hulitumia kuelezea ribesi, linapotosha. Ribesi haihamishi kitu. Inasoma badiliko lililoletwa na kila komiti ya tawi lako, inalirudia juu ya msingi mpya, inaandika komiti mpya zenye heshi mpya, kisha inachukua jina la tawi na kulibandika kwenye ncha mpya. Ni kupandikiza, tena kwa vipandikizi vilivyokatwa upya. Komiti za zamani zimebaki palepale, ila hakuna jina linalozielekea. Kuunganisha ni kazi nyingine kabisa: zilizopo haziguswi, inaongezwa moja yenye wazazi wawili, inayotamka kwamba mistari hii miwili ya kazi imekutana hapa na haya ndiyo matokeo.

Ubishi wa ribesi na kuunganisha umezoea kuendeshwa kwa maneno mawili, usafi na ukweli. Wa ribesi wanasema historia iliyonyooka inasomeka. Wa kuunganisha wanasema historia iliyonyooka ni ya kutunga. Kila upande una chake, na ndiyo maana ubishi hauishi. Mimi naona yote mawili ni maswali ya baadaye. La kwanza ni hili: nani keshaitegemea komiti hiyo? Aliyewahi kuwa katibu wa kikao analijua jambo hili hata kama hajaisikia Git. Rasimu ya muhtasari ikiwa bado iko mkononi mwa katibu huandikwa upya mara nyingi apendavyo: hoja iliyosemwa vipande vipande inakusanywa pamoja, aya ya chini inapandishwa juu, sentensi ya ovyo inafutwa, na hakuna anayemwita mwongo. Muhtasari ukishasambazwa, ukasomwa, ukathibitishwa na mwenyekiti akatia saini, mkono wa katibu umefungwa. Kosa likigundulika mwezi unaofuata linaingia kwenye yatokanayo ya kikao kipya, na ukurasa wa zamani unabaki na kosa lake, kwa sababu wapo waliokwisha kufanya maamuzi wakiutaja ukurasa huo. Komiti ambazo hazijatoka kwenye kompyuta yako ni rasimu, ziribesi upendavyo. Zikishajengewa juu na mwingine, rekebisho lake ni komiti nyingine, na njia ya kuzikutanisha na kazi ya wengine ni kuunganisha.

Tulitazame hilo kwa karibu, maana watu hulisoma kama adabu kumbe ni hesabu. Chukua tawi moja liitwalo malipo. Neema ameandika komiti tatu, M1, M2 na M3, akazisukuma kwenye seva. Baraka amelivuta tawi hilo na kuongeza B1 na B2 juu ya M3. Asubuhi Neema anaona tawi kuu limesonga mbele, anaribesi, anapata komiti tatu mpya, tuziite N1, N2 na N3, na kwa kuwa seva imekataa msukumo wa kawaida, anasukuma kwa nguvu. Kwenye kompyuta ya Baraka hakuna kilichobadilika: B1 bado imekaa juu ya M3. Akivuta kwa kuunganisha, Git inatafuta babu wa pamoja wa mistari miwili, na babu huyo sasa yuko nyuma ya M1. Tawi linaishia kuwa na M zote tatu, N zote tatu, kazi ya Baraka, na komiti ya muunganisho juu yake. Kila ujumbe wa Neema unasomeka mara mbili, kwa saa ileile ya uandishi na heshi tofauti. Akichota, kisha akaribesi kwa kulitaja mwenyewe tawi la seva, Git inajaribu kuwa werevu: inalinganisha badiliko la kila komiti na yale yaliyokwisha kuingia, na kuliruka linalofanana. Werevu huo unamfaa pale M1 na N1 zinapobeba badiliko lilelile. Lakini kama Neema alikumbana na mgongano kwenye M2 akautatua, badiliko la N2 si la M2 tena, na Baraka anajikuta akiulizwa kutatua upya mgongano ambao mwenzake aliumaliza, katika msimbo ambao yeye hakuuandika. Akichagua upande usio sahihi, analirudisha kosa ambalo Neema alishaliondoa, na chombo hakina njia ya kumwonya.

Mtu angetarajia mradi ulioizaa Git uwe na jibu moja la suala hili. Git iliandikwa na Linus Torvalds kuanzia Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa kerneli ya Linux kupoteza ruhusa ya bure ya kutumia BitKeeper, na iliandikwa kwa mahitaji ya kerneli hiyo. Ukitazama kazi inavyokwenda pale utaona njia zote mbili, na mpaka kati yake uko wazi. Kiraka kinachotumwa kwa barua pepe kinaandikwa upya mara tatu, mara saba, mara kumi na mbili. Wapitiaji wanakikosoa, mwandishi anakipanga tena juu ya msingi mpya, na matoleo yaliyokataliwa hayaingii kwenye historia hata chembe. Hiyo ni ribesi tupu. Kikishapokelewa na msimamizi wa sehemu husika na kuwekwa kwenye repo yake ya hadharani, hali inabadilika. Sasa kinavutwa kwenye linux-next, mti wa majaribio ulioanza 2008, kinakutana na kazi ya wasimamizi wengine, na dirisha la wiki mbili la kupokea kazi mpya likifunguka Torvalds anakivuta kwa kuunganisha. Toleo moja la kerneli, linalochukua wiki tisa au kumi, lina zaidi ya komiti 10,000, na miunganisho imetapakaa humo. Mwaka 2009, akiwaandikia watu wa michoro ya skrini, Torvalds aliuchora mpaka huo: safisha historia yako ya faraghani, ya wenzako usiiguse, na iliyokwisha kutoka hadharani iache. Tangu 2019 nyaraka za kerneli zina ukurasa mzima kuhusu ribesi na kuunganisha, na ukurasa huo unazikemea pande zote mbili. Unamkataza msimamizi kuribesi mti wake usiku wa kuamkia kuomba uvutwe, na unamkataza kuunganisha mstari mkuu ndani ya mti wake bila sababu anayoweza kuiandika.

Katazo la kwanza linastahili kusomwa polepole. Komiti zilizokaa wiki kadhaa kwenye linux-next zimejengwa na mashine za watu wengi, zimewashwa kwenye vifaa ambavyo msimamizi hana, zimekutana na kazi ya jirani. Akiziribesi jioni ya mwisho ili zikae juu ya msingi wa leo, msimbo unaweza kuonekana uleule, lakini kinachopelekwa ni komiti ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziendesha. Majaribio ya wiki nzima yalikuwa ya heshi zilizotupwa.

Hapo ndipo hoja ya usafi inapoanza kunitia shaka, na mgongano wa maandishi sio unaonisumbua, kwa sababu Git inauona. Tuseme kwenye tawi kuu mtu amebadilisha kitendakazi kinachorudisha salio: zamani kilirudisha shilingi, sasa kinarudisha senti, na sehemu zote zilizokuwa zikikiita zimerekebishwa. Kwenye tawi lako la komiti tano, komiti ya pili inaongeza faili jipya linalokiita kitendakazi hichohicho likidhani ni shilingi. Faili ni jipya, mistari haigusani, ribesi inapita bila kulalamika. Unaendesha majaribio kwenye ncha, yanaanguka. Salio la 50,000 limekuwa 5,000,000. Unaongeza komiti ya sita inayogawa kwa 100, majaribio yanapita, unasukuma. Sasa historia yako iliyonyooka ina komiti nne mfululizo, ya pili hadi ya tano, zenye kosa ambalo halikuwamo ulipoziandika. Komiti ya pili ilikuwa sahihi kabisa siku ile. Ribesi ndiyo iliyoiharibu, na mstari wa mwandishi bado unataja jina lako na saa yako ya Jumatatu.

Miezi minane baadaye mtu anasaka hitilafu nyingine kabisa kwa git bisect. Chombo hiki kinaigawa historia nusu kwa nusu, na komiti 1,000 kinazimaliza kwa majaribio 10 hivi, kwa sharti kwamba kila komiti kinayosimama inaweza kuendeshwa na kuhukumiwa nzuri au mbaya. Akiangukia mojawapo ya zile nne, ama anapata hukumu ya uongo, ama anaziruka na kuachiwa fungu la washukiwa badala ya mmoja. Lau tawi lingeunganishwa, komiti zako tano zingebaki juu ya msingi wao wa zamani ambako zilikuwa sahihi, na kosa la senti lingeonekana mahali pamoja tu, kwenye komiti ya muunganisho. Kwa anayelisaka kosa hilo, kidole cha bisect kingeelekea hapo, na kingesema kweli: upande huu haukukosea, upande ule haukukosea, kosa lilizaliwa pande hizo zilipokutana. Mtetezi wa ribesi ana jibu, na ni zuri. Git inaruhusu kuendesha amri baada ya kila komiti iliyopandikizwa, kwa chaguo la --exec. Ungefanya hivyo ribesi ingesimama kwenye komiti ya pili, ungeirekebisha palepale, na zote tano zingetoka salama. Nakubali bila kinyongo. Ila hesabu bei yake: majaribio ya dakika 12 mara komiti tano ni saa nzima, kila unapoipandikiza kazi yako juu ya msingi mpya, na tawi kuu la timu yenye pilikapilika linasonga mara kadhaa kwa siku. Anayelipa bei hiyo ana historia safi. Asiyelipa ana mistari iliyonyooka, na kunyooka si kitu ambacho bisect inakipima.

Wapo watakaoniletea PostgreSQL na LLVM. Mradi wa PostgreSQL ulihamia Git Septemba 2010, LLVM ikaachana na Subversion Oktoba 2019, na matawi makuu ya miradi yote miwili hayapokei komiti za muunganisho katika kazi ya kawaida: kazi inapanda kwa mstari mmoja. Je, hii haithibitishi kwamba ribesi inatosha? Inathibitisha kitu chembamba zaidi. Katika miradi hiyo kiraka hukaa kwenye mapitio kama rasimu, kinaandikwa upya kadiri inavyohitajika, na siku kikikubaliwa kinawekwa juu ya ncha ya tawi kuu. Baada ya hapo hakuna anayekigusa. Kikiwa kibovu kinatenguliwa kwa komiti nyingine inayokipindua. Kunyooka kwao kunatokana na ukali wa mlangoni. Iliyokwisha kuchapishwa haiandikwi upya, kama vile kerneli isivyoandikwa upya, na tofauti kati yao ni ukubwa wa kinachopita mlangoni kwa mara moja. PostgreSQL inapokea badiliko moja moja kutoka kwa watu wachache wenye ruhusa ya kuingiza. Torvalds anapokea fungu la komiti mia kadhaa kutoka kwa msimamizi aliyekaa nalo miezi miwili, na fungu hilo lina wategemezi wake tayari. Kulinyoosha kungekuwa kuwavunjia wategemezi hao. Kwa hiyo timu inayotaka mstari mmoja ina haki ya kuutaka, mradi kazi yake iwe ya vipande vidogo vinavyofika mlangoni vikiwa bado rasimu.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa pili, kwa D. Richard Hipp, aliyeiandika SQLite na pia Fossil, mfumo wa kutunza matoleo ambao SQLite inautumia tangu 2009. Fossil haina ribesi, na haina kwa makusudi. Wenyewe wameandika waraka mrefu kutetea uamuzi huo, na kiini chake ni kwamba ribesi inafuta habari: inaficha kazi ilianzia wapi, inavuruga mpangilio wa saa, na inamwonyesha msomaji mwandishi aliyefanya kazi akiujua msingi ambao hakuujua. Yote ni kweli. Mfano wa senti hapo juu ni ushahidi wao kama ulivyo wangu. Ninapoachana nao ni pale wanapochukulia kila komiti kama tukio. Mtu anapoandika msimbo anafuta, anarudia, anahifadhi faili mara mia, na hakuna mfumo unaomdai kumbukumbu ya hayo yote. Tayari amechagua kipi kistahili kuitwa komiti. Aliyeandika komiti iitwayo "jaribu tena", ikifuatwa na "jaribu tena 2" na "sasa kweli", kisha akazikusanya ziwe moja kabla hajamwonyesha mtu, hajaidanganya historia zaidi ya katibu aliyefuta neno kwenye rasimu. Na kuna jambo ndani ya Fossil yenyewe ambalo naliona linaniunga mkono. Kwa mipangilio yake ya kawaida, ukifanya komiti inapelekwa kwenye seva palepale. Maana yake kila komiti inazaliwa ikiwa hadharani, hakuna kipindi cha rasimu, na mahali pasipo na rasimu ribesi kweli haina kazi. Wamefikia jibu lao kwa kuihesabu komiti kuwa imetoka mkononi tangu dakika ya kwanza. Mtumiaji wa Git anayekaa na tawi lake siku tatu kabla ya kulisukuma anaanzia mahali pengine.

Kuhusu malalamiko kwamba miunganisho inaifanya historia isisomeke, nitasema kwa ufupi kwamba wanaolalamika mara nyingi wanatazama mchoro ambao hawakuuhitaji. Kerneli ina komiti moja ya muunganisho yenye wazazi 66, na bado watu wanaisoma historia yake. Ukiiambia Git ifuate mzazi wa kwanza tu, kwa --first-parent, miunganisho inageuka kuwa sura za kitabu: kila mstari ni tawi moja lililoingia, na undani wake uko chini kwa anayeutaka. Lakini lazima nikiri kwamba hilo linafanya kazi penye nidhamu tu. Mzazi wa kwanza ni yule uliyekuwa umesimama juu yake ulipounganisha. Ukiwa kwenye tawi kuu lako la nyumbani, na komiti mbili ambazo hujazisukuma, ukavuta ya seva kwa kuunganisha, mzazi wa kwanza anakuwa kazi yako, na mstari wa timu nzima unageuka kuwa wa pembeni. Ukisukuma hivyo, anayefuata mzazi wa kwanza ataona komiti zako mbili zimeshika barabara kuu na kazi ya wenzako 15 imeingia kama kijinjia. Miunganisho ya namna hii, yenye ujumbe uliotungwa na mashine na usioeleza lolote, ndiyo iliyoipa njia ya kuunganisha jina baya. Git yenyewe ilichelewa kulishughulikia: toleo la 2.27 la mwaka 2020 ndilo lililoanza kumwonya anayevuta bila kuchagua njia, na mwaka 2021 Git ikaacha kuonya, ikakataa kabisa mistari inapokuwa imeachana. Jibu sahihi hapo ni ribesi, na kipimo ni kilekile: zile komiti mbili hakuna mwingine aliyeziona.

Njia ya tatu, kuliponda tawi zima liwe komiti moja, ilipata umaarufu GitHub ilipoiwekea kitufe mwaka 2016. Kwa tawi la siku moja haina ubaya. Kwa tawi la mistari 1,400 inamnyima mwenye bisect zaidi ya nusu ya msaada wake, kwani mshukiwa anayepatikana ni mkubwa kama kijiji. Tena ina mtego kwa wanaojenga tawi juu ya tawi. Komiti iliyopondwa haina undugu wowote na komiti ilizotokana nazo, kwa hiyo tawi la pili likija kuunganishwa, Git haijui kwamba sehemu ya kazi yake imekwisha kuingia, na inaanza kuzua migongano kati ya msimbo na msimbo uleule.

Niliposema "nani" anaitegemea komiti, sikumaanisha watu peke yao. Seva iliyo hewani huenda inataja heshi ya toleo lake kwenye kila mstari wa kumbukumbu zake. Tiketi ya hitilafu inasema imerekebishwa kwenye komiti fulani. Tangazo la usalama linataja komiti iliyoleta udhaifu na komiti iliyouziba. Saini ya kidijitali inafungwa kwenye maandishi ya komiti yenyewe, na ukipandikiza, saini ya zamani haiendi na komiti mpya. Hata kitufe cha ribesi cha GitHub huandika komiti mpya zenye heshi mpya, jambo linalowashtua waliodhani kazi waliyoitia saini ndiyo itakayoingia. Fikiria mhandisi wa zamu saa nane usiku, mbele yake heshi ya programu iliyoanguka, na repo inamjibu kwamba heshi hiyo haipo kwa sababu tawi la toleo liliribesiwa wiki iliyopita na komiti za zamani zimefagiliwa. Hakuna mwenzake aliyekuwa amejenga juu ya komiti hiyo. Ilikuwa na mtegemezi mmoja tu, seva.

Linabaki pingamizi la kiongozi wa timu, nalo ni la busara: vijana wapya ni wengi, ribesi inawaogopesha, basi tuunganishe kila mahali tulale usingizi. Hofu hiyo ina dawa zaidi ya wengi wanavyojua. Komiti zilizoachwa na ribesi zinapatikana kwenye reflogi ya kompyuta yako, ambayo kwa kawaida hutunza siku 30 zile zisizofikika tena kutoka kwenye tawi na siku 90 zile zinazofikika. Aliyeharibu leo anarudi alipokuwa jana kwa amri moja. Kusukuma kwa nguvu kuna namna ya tahadhari, --force-with-lease, inayokataa iwapo tawi la kwenye seva si lile ulilokuwa ukilijua. Ila nayo ina tundu. Ikiwa kihariri chako kinachota habari za seva chinichini bila wewe kujua, Git inaamini unalijua tawi lilivyo sasa, na tahadhari inapita kimya juu ya kazi ya mwenzako. Toleo la 2.30 liliongeza --force-if-includes kwa ajili ya tundu hilo, nami nashangaa ni timu chache mno zinazoitumia. Hata hivyo sidhani kiongozi yule amekosea sana. Kuunganisha kila mahali kuna gharama ya usomaji tu. Kuribesi kila mahali kuna gharama ya kazi iliyopotea. Kama timu haiwezi kabisa kutofautisha rasimu na kilichochapishwa, hiyo ya kwanza ni nafuu. Ninachokataa ni dhana kwamba haiwezi.

Haiwezi kwa nini, wakati tofauti hiyo inaweza kuandikwa? Mercurial, mshindani wa Git wa umri uleule, iliiingiza ndani ya chombo chenyewe mwaka 2012: kila komiti ina awamu, kwa mfano ya rasimu au ya hadharani, na ikishasukumwa kwenye seva ya kawaida inakuwa ya hadharani na chombo kinakataa kuiandika upya. Git haikuiga. Imewaachia watu, na watu wanaifanya kazi hiyo kwa majina ya matawi. Mfano mzuri ni repo ya Git yenyewe, inayosimamiwa na Junio Hamano tangu 2005. Tawi la master halirudishwi nyuma. Tawi la next linakusanya kazi zinazojaribiwa, nalo linaweza kujengwa upya baada ya toleo kubwa kutoka. Tawi liitwalo seen, ambalo hadi 2020 liliitwa pu, linajengwa upya kila mara, na jina lake linadai kitu kidogo mno, kwamba msimamizi ameviona viraka hivyo. Kila baada ya siku chache Hamano hutuma ripoti ya vilivyoko jikoni, tawi kwa tawi, ikisema kipi kiko tayari kupanda next, kipi kinasubiri toleo jipya la mwandishi, kipi kitatupwa. Anayejenga kazi yake juu ya seen amekwisha kuambiwa kwamba kesho msingi huo hautakuwapo.